Kwa Wanaoanza Mozart: Msipotelee kwenye Marejeo

Wadogo zangu, juma hili nimemsikia mwanafunzi wa tatu akiupiga kwa piano mwendo wa kwanza, yaani kipande cha kwanza, wa Sonata K. 545 ya Mozart bila karatasi ya noti, akapotea mahali palepale nilipopotea mimi, kisha akavilaumu vidole. Vidole havina hatia.

1. Msidanganywe na sifa yake. Tarehe 26 Juni 1788 Mozart aliiingiza katika orodha ya kazi zake kama sonata ndogo ya wanaoanza, nanyi mkasikia "nyepesi". Noti zake ni chache, kwa hiyo kila inayoteleza husikika hadi mlangoni.

2. Jueni mko ufunguo gani, yaani ni noti gani iliyo nyumbani kwa muziki wakati huo. Sehemu ya kwanza ya mwendo huu huanza C na kuhamia G, ambako wazo la pili, yaani melodi ya pili, hutokea. Kwa desturi ya wakati ule, marejeo, yaani sehemu ya mwisho ambamo mawazo ya mwanzo hurudi, hufunguka katika ufunguo wa nyumbani, lakini hapa Mozart analirudisha wazo la kwanza katika F, ili safari ileile ya kupanda ngazi ya tano, iliyotutoa C kwenda G, sasa itufikishe C.

Mimi sikulijua hilo, kwa kuwa nilikuwa nimekariri kwa mikono tu. Siku ya mtihani nilipofika kwenye marejeo nikaanza C, na vidole, kwa uaminifu wa punda anayeijua njia ya kisimani, vikanipeleka G. Nikajirudisha sehemu ya kati, nikatoka, nikaanza C tena, nikafika G tena. Mara ya tatu mtahini aliilaza penseli yake mezani. Nikamalizia hukohuko G, nikasimama, nikainama kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Akaniuliza kwa upole, ambao hadi leo unaniuma kuliko alama nilizopata, sonata ile ni ya ufunguo gani. Nikamjibu, "G."

3. Pedali iguseni kidogo. Besi ya Alberti, yaani zile noti za akodi ambazo mkono wa kushoto huzipiga moja moja, haipendi kuloweshwa.

4. Msikilizeni pia Haydn, mtunzi wa zama za Mozart, hasa mwisho wa kwarteti yake ya nyuzi (ya wapigaji wanne), Opus 33 namba 2, ya mwaka 1781, unaonyamaza na kuanza tena hadi anayejifanya mjuzi apige makofi mapema. Nimewahi kuyapiga, ila aibu moja inatosha kwa leo.

Kesho kila mmoja aje na penseli, aandike F kubwa juu ya kipimo cha 42, ambapo marejeo huanza, kisha aanzie hapo, si mwanzoni.