Spesa za Magurudumu: Ushauri kwa Anayeanza Kuzichagua na Kuzifunga

Anayeniuliza kuhusu spesa, yaani bamba linalowekwa nyuma ya rimu ili kulisogeza gurudumu nje, karibu kila mara huanza na unene: anataka kujua kama achukue za milimita 15 au za milimita 20. Mimi humuuliza kwanza anataka zimfanyie kazi gani. Rimu inayogusa kalipa ya breki (kibano kinachoshika pedi za breki), tairi linalokwaruza mkono wa sasipensheni, na gurudumu lililozama mno ndani ya fenda ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina kipimo chake. Spesa inayofaa ni ile nyembamba kuliko zote zinazoweza kumaliza tatizo lako, kwa sababu kila milimita inayolisogeza gurudumu nje huongeza mzigo kwenye beringi na hubadilisha namna usukani unavyoitikia barabara.

Kabla ya kushika rula, elewa gurudumu linashikiliwa na nini. Wengi hudhani kwamba stadi, vile vijiti vya chuma vyenye thredi vinavyopokea nati za gurudumu, hubeba uzito wa gari kama msumari unavyobeba koti ukutani, lakini sivyo. Nati inapokazwa, stadi huvutika kidogo sana, na mvuto huo ndio unaoubana uso wa rimu kwenye habu, yaani kitovu kinachofungiwa gurudumu. Msuguano wa nyuso zilizobanwa ndio unaopokea nguvu za breki, za kona na za mashimo. Ukiweka spesa unaongeza jozi nyingine ya nyuso zinazopaswa kubanwa vizuri vilevile. Kutu, rangi nene au mchanga ukibaki katikati, husagika baada ya mwendo mfupi, mbano hulegea, gurudumu huanza kucheza, na hapo ndipo stadi zinapopindishwa huku na huku hadi zikatike. Sehemu kubwa ya ninayoyaeleza hapa inatokana na jambo hilo moja.

Sasa vipimo. Rimu nyingi zina alama ya ET ikifuatwa na namba. ET45 maana yake ni kwamba uso unaokaa kwenye habu uko milimita 45 kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu, kuelekea nje. Spesa ya milimita 20 huifanya rimu hiyo ikae kana kwamba ni ya ET25, na kwa kuwa spesa hufungwa pande zote mbili za ekseli, umbali kati ya magurudumu unaongezeka kwa milimita 40. Nafasi ya nje hupimwa kwa timazi. Simamisha gari kwenye sakafu tambarare, magurudumu yakiwa yamenyooka, kisha ning'iniza uzi wenye nati nzito kutoka ukingo wa fenda mpaka upite mbele ya katikati ya gurudumu, na upime umbali kati ya uzi huo na sehemu ya tairi iliyotokeza zaidi. Umbali huo usiuchukulie kuwa ni mali yako yote, kwa maana gari likipakia mzigo au likiingia shimoni gurudumu hupanda ndani ya fenda, na la mbele hubadilisha pembe kila usukani unapokatwa. Kwa hiyo kata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, uangalie tena.

Ikiwa shida yako ni kalipa, bandika donge dogo la plastisini mahali unapodhani rimu itagusa, ifunge rimu kwa nati kadhaa, izungushe taratibu kwa mkono, kisha itoe na ulikate donge hilo kwa wembe. Unene uliobaki ndio nafasi halisi uliyonayo. Mimi siridhiki na nafasi iliyo chini ya milimita 3.

Baada ya unene zinakuja namba ambazo hazina mjadala. 5x114.3 maana yake ni stadi 5 zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3. Jihadhari na jozi zinazofanana machoni: 4x98 na 4x100, au 5x112 na 5x114.3. Nati za kwanza zitaingia, za mwisho zitaingia kwa kulazimishwa, na stadi zitakuwa zimepinda hata kabla gari halijaondoka. Tundu la katikati nalo lina kipimo chake: magari mengi ya Toyota yana milimita 54.1 au 60.1, Honda mengi 64.1, Nissan mengi 66.1 na Subaru mengi 56.1. Spesa yenye tundu kubwa kuliko habu haikai katikati yenyewe, na mara nyingi gari hutetemeka likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu hata kama magurudumu yamebalansiwa vizuri. Thredi pia hutofautiana. Toyota na Honda nyingi hutumia M12x1.5 (kipenyo cha milimita 12, na milimita 1.5 kutoka thredi moja hadi nyingine), ilhali Nissan na Subaru nyingi hutumia M12x1.25. Nati ikiingia kidogo kisha ikakataa, irudishe kwa mkono. Ukiifuata na spana unaharibu thredi mbili kwa mpigo. Umbo la kikalio cha nati au bolti, yaani sehemu yake inayokaa kwenye rimu, liwe la koni, la mviringo au bapa, lazima lilingane na rimu.

Spesa zenyewe ni za aina mbili. Ya kwanza ni bamba linalokaa kati ya habu na rimu, likibanwa na stadi au bolti zilezile za gurudumu. Bamba la milimita 3 hadi 5 huweza kukubaliana na stadi za kiwandani, lakini usikisie: hesabu mizunguko ya nati kuanzia inaposhika mpaka inapokaza. Thredi zilizoshikana zisipungue kipenyo cha stadi, na kwa M12x1.5 hiyo ni mizunguko 8, kwa M12x1.25 inakaribia 10. Ikipungua, tafuta stadi ndefu zaidi. Kwenye magari yanayotumia bolti, urefu wa bolti unaongezeka sawasawa na unene wa spesa, yaani bolti ya milimita 27 kwa spesa ya 15 inakuwa ya 42. Iliyozidi nayo ni hatari, kwa sababu ncha yake inaweza kutokeza nyuma ya habu na kugusa vifaa vya breki ya mkono au pete ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki.

Unene unaosumbua zaidi ni wa karibu milimita 10. Hapo spesa huweza kuumeza ukingo wote wa habu unaoiweka rimu katikati, nayo ikawa bado nyembamba mno kuwa na ukingo wake imara. Ukiweza, kaa chini ya hapo, au panda hadi unene ambao spesa inakuja na ukingo wake.

Aina ya pili hufungwa kwenye habu kwa nati zake, kisha rimu hufungwa kwenye stadi za spesa yenyewe. Nyingi huanzia milimita 20. Ukishaikaza, weka rula bapa juu ya uso wake na uipitishe kila upande. Stadi ya zamani ikiinua rula hata kidogo, angalia kama mgongo wa rimu una mashimo yatakayoipokea. Kama hauna, rimu itakaa juu ya ncha za stadi badala ya kukaa juu ya spesa, na hakuna nguvu ya kukaza itakayorekebisha hilo. Nunua zilizochongwa kutoka alumini ngumu, kama vile 6061-T6 au 7075-T6, kutoka kwa mtengenezaji anayetaja vipimo vyote. Kamwe usipange spesa mbili moja juu ya nyingine.

Kazi ya kufunga ni ya subira. Inua gari kwa jeki, liegemeze kwenye stendi, toa gurudumu, kisha sugua uso wa habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka uone chuma kitupu, hasa kwenye pembe inayozunguka ukingo wa katikati, ambako kutu hujificha na kuinua spesa upande mmoja. Kuhakikisha kwamba inakaa sawa, paka chaki laini usoni mwa habu, kaza spesa, kisha itoe utazame: chaki ikiwa imeshika pande zote, endelea, ikiwa imeshika nusu duara tu, rudi kwenye msasa. Futa chaki yote kabla ya kufunga kabisa. Usipake grisi kwenye thredi wala kwenye vikalio, kwa kuwa hufanya kipimo cha spana kisiwe cha kweli na stadi ikavutwa kupita kiasi.

Kaza kwa spana ya torki, ukiruka kutoka nati moja hadi iliyo upande wa pili, kwanza nusu ya nguvu, kisha yote. Magari mengi madogo yenye stadi za M12 huangukia kati ya Nm (newton-mita) 90 na 120, lakini kitabu cha gari na maelekezo ya mtengenezaji wa spesa ndivyo vinavyoamua. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza tena. Kwa spesa za aina ya pili hilo lina maana ya kuitoa rimu na kuzifikia nati za ndani, kazi ambayo watu wengi huiruka kwa uvivu, nami nawasihi msiiruke.

Bolti za zamani ziweke ndani ya gari. Siku utakapofunga tairi la akiba bila spesa, zile ndefu hazitafaa. Iarifu bima kuhusu badiliko hili, na uulize sheria ya unakoendesha kabla ya kununua, kwa maana baadhi ya nchi hudai cheti cha ukaguzi.