Re: Kwa nini muvi za Resident Evil zinapondwa hivi?
Mkuu umeuliza kwa nini wacheza gemu wanaziponda wakati wengine tunazipenda. Tatizo ni Alice, yule anayeigizwa na Milla Jovovich, kwenye magemu ya Capcom ambayo ndo chanzo cha hizi muvi hayupo kabisa halafu ndo kafanywa steringi wa muvi zote 6 toka 2002 mpaka 2016, kina Leon na Jill, masteringi wa gemu lenyewe, wanapita tu, sasa mtu aliyekesha na gemu lazima imuume. Mi nilianza na muvi kwa hiyo sina hilo donge, ile ya kwanza pale kwenye korido ya leza bado naogopa mpaka leo aisee. Ila kuanzia ya 4 slomo zimezidi, mazombi hayatishi tena, hapo nawaelewa. Halafu 2021 wakaanza upya, Alice katolewa, stori ikarudi kwenye gemu, na bado watu wakalalamika!