Tumetishiwa na patenti ya Marekani, tufute programu yetu ya bure?

Swali: Habari wakili. Sisi ni vijana watatu tunafanyia kazi zetu hapa Ngara, tulitengeneza programu ya simu ya kusaidia wenye maduka kupiga picha risiti na kuzipanga kwa tarehe. Ni ya bure na msimbo wote tumeuanika kwa laiseni ya MIT, anayetaka achukue. Wiki iliyopita tukapata imeili ya kampuni fulani ya Marekani, ati tumevunja patenti yao, tulipe dola 15,000 ndani ya siku 14 ama tukutane kortini. Hatujawahi kuuza hata kitu kimoja. Mwenzetu anataka tufute kila kitu leo usiku. Tufanyeje?

Jibu: Msifute. Naanzia hapo kabla ya kitu kingine chochote, manake ile historia ya mabadiliko yenu yenye tarehe, nani aliandika nini na siku gani, huyo ndiye shahidi wenu, na mkiifuta mnabaki na maneno ya mdomo tu. Na nakala ziko kwa watu tayari, hamtazirudisha. Leo usiku badala ya kufuta tengenezeni nakala kamili pamoja na historia yote muiweke kwa diski pembeni, halafu hifadhini hiyo imeili vile ilivyo, msiikate.

Pia msijibu kwa kuomba msamaha. Niliwahi kuwa na mteja, kijana wa Umoja, alitumiwa barua kama hii akajibu saa hiyo hiyo "samahani hatukujua, tutaondoa", kwa moyo safi kabisa, na ndiyo laini ya kwanza waliyomnukuu kwa barua ya pili. Ilitugharimu miezi kuitoa hapo.

Sasa tuingie kwa sheria. Patenti, yaani haki ya kumzuia mwingine kutumia uvumbuzi wako, ina mipaka ya nchi. Ya Marekani inafanya kazi Marekani, kwa Kenya lazima iwe imetolewa na KIPI, ofisi ya patenti ya Kenya pale South C, ama imepitia ARIPO, shirika la patenti la nchi kadhaa za Afrika kule Harare, na Kenya ikatajwa, na ada zake za kila mwaka zinalipwa. Inaishi miaka 20 kutoka siku ya kuomba, basi. Kwa hivyo swali la kwanza ni hiyo patenti iko hai wapi, na kutafuta ni bure, tovuti za kutafuta patenti, Espacenet na Google Patents, ziko wazi, unaweka namba unasoma mwenyewe. Lakini msijidanganye kwamba mko salama kabisa kwa sababu mko Ngara: kama programu inapakuliwa na watu walioko Marekani hapo hiyo kampuni inaweza kupata mlango wa kuwashtaki. Na hii ya "hatujawahi kuuza" naisikia sana na inaniuma kuwaambia watu ukweli wake, kwamba sheria ya Marekani inahesabu hata kutengeneza na kutumia, si kuuza peke yake. Ubure hauwakingi.

Kinachowakinga ni madai ya patenti (claims), yaani zile sentensi zinazosema hasa inalinda nini. Ukifungua patenti usisome kichwa wala mukhtasari, hivyo vimeandikwa vipana vinatisha, nenda mwisho kwenye yale madai yenye namba 1, 2, 3, hapo ndipo nguvu yake ilipo. Dai moja lina vipande, na lazima programu yenu iwe na kila kipande, si vingi vyake, vyote. Tuseme dai linasema kifaa kinapiga picha, kinazichuja kulingana na kilichomo ndani ya picha, kisha kinazituma bila waya kwa kifaa kingine. Nyinyi mnapiga picha, sawa. Mnapanga kwa tarehe, hiyo si kuchuja kwa kilichomo. Na picha inabaki kwa simu ya mwenye duka, haitumwi popote. Vipande viwili havipo, hilo dai haliwagusi. Chukueni karatasi, upande huu kipande cha dai, upande ule mstari wa msimbo wenu, na mahali hamna kitu mwandike HAKUNA kwa herufi kubwa.

Mfano huo sikuutoa hewani. 2019 GNOME Foundation, shirika la programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, walishtakiwa na kampuni ya Rothschild Patent Imaging juu ya Shotwell, programu huria ya kupanga picha, kwa patenti ya kusambaza picha bila waya. Wangeweza kulipa wanyamaze. Walikataa, watu zaidi ya 4,000 wakachanga zaidi ya dola 150,000, na Mei 2020 kesi ikaisha bila wao kulipa, tena na ahadi kwamba mwenye patenti hatasumbua programu yoyote iliyo chini ya laiseni huria inayotambulika. 2022 patenti yenyewe ikafutwa. Mimi hiyo kesi naipenda kwa sababu angelipa mmoja, wa pili angetumiwa barua kesho yake.

Na kama imeili yenu haina namba ya patenti, hapo ndipo mshike. Mwaka 2007 Microsoft walitangaza kwamba Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, na programu zingine huria zinavunja patenti zao 235, wakazigawa kwa mafungu, lakini orodha hawakuitoa. Bila namba huwezi kukagua, huwezi kurekebisha, unabaki na woga tu.

Kuhusu laiseni, MIT haitaji patenti popote. Apache 2.0, laiseni nyingine huria, inasema wazi kwamba aliyechangia msimbo anawapa ruhusa ya patenti zake zinazohusu mchango wake, na akigeuka kushtaki juu ya programu hiyo anaipoteza ruhusa. Haimzuii mtu wa nje kama huyu, ila kwa toleo lijalo mkikubaliana wote watatu ningehamia huko.

Jibu lenu liwe fupi hivi: "Tumepokea barua yenu. Tupeni namba ya patenti, nchi iliyosajiliwa, dai mnalosema limevunjwa, na sehemu ya programu yetu mnayolalamikia. Tutajibu tukishaipitia." Hakuna samahani, hakuna hasira, hakuna kueleza programu inavyofanya kazi. Tumeni kabla siku 14 hazijaisha.

Ila zikija karatasi za korti zenyewe, si imeili, msinyamaze hata kidogo, ukinyamaza korti inaweza kuamua bila wewe. Hapo mtahitaji wakili wa huko. Kwa sasa wakiwapa namba nileteeni pamoja na ile karatasi yenu ya HAKUNA, tukae tuipitie dai kwa dai.