Usihesabu Manyoya: Kuchora Ndege Wadogo kwa Rangi za Maji

Ndege wangu wa kwanza alikuwa kwenzi. Nilimkalia siku tatu, kwenye karatasi isiyozidi kiganja cha mkono, na brashi nyembamba kama sindano, nikichora unyoya mmoja baada ya mwingine kama mtu anayehesabu punje za mtama. Nilipomaliza nilimwonyesha mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita. Akaitazama picha, akaigeuza juu chini, akauliza: "Mjomba, huyu kakakuona mbona ana mdomo wa ndege?"

Niliudhika kidogo, kisha nikacheka, maana mtoto alikuwa ameona sawasawa. Kila unyoya nilikuwa nimeuzungushia mstari wake, mstari ukakauka, unyoya ukawa gamba. Kwenzi aliye hai hana magamba. Ana mng'ao unaohamahama kila anapogeuza shingo. Mimi nilikuwa nimechora ninachojua kwamba ndege anacho, badala ya kile nilichokuwa nakiona.

Imepita miaka kadhaa, na makaratasi mengi yameharibika. Haya ninayoandika ni kwa anayeanza, au aliyekwama pale nilipokwama mimi.

Siku hizi nachora kwenye karatasi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, ukubwa wa postikadi. Hapo ndege mzima anaenea urefu wa vidole vinne, na jicho lake linakuwa kama punje ya ufuta. Hakuna pa kuweka manyoya elfu, kwa hiyo unalazimika kuchagua: umbo, mwanga, jicho, na alama mbili tatu zinazomtambulisha. Mbayuwayu ni mkia na mabawa. Hudihudi ni kishungi na mdomo. Ukivipata hivyo, anayetazama atajijazia yaliyobaki mwenyewe, na atayajaza vizuri kuliko brashi yako.

Tukiwa kwenye brashi: wengi hudhani picha ndogo inataka brashi ndogo. Hilo ndilo lililonizalia kakakuona. Brashi ndogo hubeba tone moja la rangi, likaisha kabla hujafika mkiani, ukarudi kuchovya, ukaendeleza pale ulipoishia ambapo pameshaanza kukauka. Matokeo yake ni vipande vipande. Chukua brashi ya duara namba 6 yenye tumbo la kubeba maji na ncha inayochongoka. Ijaribu hivi: ichovye majini, ikung'ute mara moja, uitazame. Ikijikusanya yenyewe kuwa ncha moja, inafaa, hata kama nywele zake ni za kiwandani. Ikipasuka ncha mbili, waachie watoto. Mimi hufanya karibu kazi yote kwa namba 6, na namba 2 huishika kwa ajili ya jicho, ncha ya mdomo na vidole vya miguu tu.

Kama una fedha ya kununua kitu kimoja kizuri, iwe karatasi. Tafuta ya pamba tupu, yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Karatasi nyembamba ya kuandikia hujikunja ikilowa, maji yakatuama kwenye mabonde, na utajilaumu bure kwamba mkono wako mbaya. Kuna karatasi yenye mikwaruzo na kuna iliyopigwa pasi ikawa laini. Kwa picha za ukubwa huu mimi ni wa laini, kwa sababu kwenye ile ya mikwaruzo kishimo kimoja kinaweza kuwa kikubwa kuliko jicho la ndege wako. Lakini karatasi laini haisamehe. Rangi huteleza juu yake na kuacha kingo kali ukizubaa.

Rangi sita zinatosha. Angalia alama ndogo iliyochapishwa kwenye tyubu au kwenye kidonge cha rangi, kwa maana majina ya mbele yanapambwa na wauzaji ila alama ndiyo inayotaja kilichomo. Mimi nina bluu ya ultramarini (PB29), siena ya kuchomwa ambayo ni hudhurungi inayoelekea wekundu wa udongo (PBr7), oka ya njano (PY43), waridi ya kwinakridoni (PV19), bluu ya thalo (PB15), na njano moja kali. Nyeusi sina. Ultramarini ikichanganywa na siena inatoa weusi wenye uhai: ukizidisha bluu unapata mgongo wa kunguru penye mwanga wa asubuhi, ukizidisha siena unapata weusi wenye joto wa pembe ya nyati. Nyeusi ya kwenye tyubu kwenye picha ndogo huonekana kama tundu.

Hapo mwanzo nilikuwa na rangi nyekundu iitwayo alizarini (PR83), nikaipenda mno. Nilichora picha nne nikazitundika ukutani mkabala wa dirisha. Baada ya miezi kadhaa wekundu ulikuwa umepauka. Ndipo nikajifunza kwamba alizarini halisi hupauka kwa mwanga. Tangu hapo kila rangi mpya naipaka kwenye kipande cha karatasi, nusu naifunika kwa kadibodi, nakibandika dirishani na kukisahau. Baadaye nikifunua, nusu mbili hizo hunieleza kila kitu.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo kazi ilipo. Karatasi iliyopakwa maji hupita hali tatu. Kwanza inang'aa kama kioo: ukitia rangi inatambaa itakako. Kisha mng'ao unafifia, lakini ukiigusa kwa mgongo wa kidole bado ni baridi: rangi ukiitia inasogea kidogo tu, ikiacha ukingo mwororo. Mwisho inakauka kabisa, na kila mguso unakuwa na ukingo mkali. Tumbo la ndege linataka hali ya kwanza, kivuli chini ya bawa kinataka ya pili, mdomo na makucha vinataka ya tatu. Ukivichanganya utapata ndege mwenye tumbo la bati au mdomo wa sufi.

Balaa kubwa liko kwenye hali ya pili. Unaona sehemu haijakupendeza, unarudi na brashi yenye maji mengi kuliko yaliyoko kwenye karatasi, maji mapya yanaisukuma rangi pembeni, na dakika chache baadaye limechanua ua lenye kingo zilizokunjamana katikati ya kifua cha njiwa wako. Mimi huyaita maua ya maji, na nimevuna mengi. Dawa yake ni kuinuka. Nasema kweli: weka brashi chini, toka mezani, nenda kafanye jambo jingine. Mkono uliokaa karibu na picha mbichi hautulii. Ukirudi, kumbuka pia kwamba rangi za maji zikikauka hupoa na kuwa nyepesi kuliko ulivyoziona mbichi, kwa hiyo kile ulichodhani kimezidi giza huenda kimekuwa sawasawa.

Mpangilio wangu ni huu. Kwa penseli isiyokandamizwa, yai kwa mwili na mpira mdogo kwa kichwa, halafu mstari mmoja wa mgongo kutoka kisogoni hadi mkiani, maana mwinamo wa mstari huo ndio unaoonyesha kama ndege ametulia au anataka kuruka. Wapo wanaomalizia na jicho. Mimi huanza nalo. Jicho likifa, nimepoteza dakika kumi, si jioni nzima. Angalia jicho linavyokaa kwa kulinganisha na mstari unaotenganisha mdomo wa juu na wa chini. Ukilipeleka juu mno au nyuma mno, hata kwa upana wa nywele, tai wako atageuka kuku aliyeshtuka. Acha nukta nyeupe ya karatasi kwa ajili ya mwanga, na kama mkono umeteleza, nukta ya guashi nyeupe, yaani rangi ya maji nzito inayofunika kilicho chini yake, hailaumiwi. Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani, alipochora sungura wake kwa rangi za maji mwaka 1502, aliweka ndani ya jicho la mnyama taswira ya dirisha. Sungura yule ana zaidi ya miaka 500 na bado unahisi anakusikiliza.

Baada ya jicho napaka mwili mzima kwa rangi nyepesi, nikiruka zile sehemu zinazopigwa na jua. Karatasi ikingali inang'aa nadondosha rangi nzito upande wa kivuli, inajitandaza yenyewe. Hapo ndipo ninapoinuka. Nikirudi, karatasi ikiwa kavu, nachora manyoya, yaani nachora nafasi zilizo kati ya manyoya. Tena si yote: mapengo matatu manne ya giza kwenye manyoya marefu ya bawa, na mikato michache pale mwanga unapokutana na kivuli. Kwingine kote naacha wazi. Mtu akiona mapengo manne hayo anaamini bawa zima.

Kuhusu bluu nina jambo la ziada, kwa sababu liliwahi kunitesa. Mdiria hana chembe ya rangi ya bluu mwilini. Ubluu wake unatokana na maumbile madogo sana ndani ya unyoya yanayotawanya mwanga. Ungeusaga unyoya huo, bluu ingetoweka. Ndiyo maana ukimpaka bluu moja sawia anaonekana kama mwanasesere. Mwachie ultramarini na thalo zikutane zikiwa mbichi mgongoni, na katikati ubaki mkwaruzo mweupe wa karatasi. Shorobo ni kinyume chake: wekundu wa mabawa yake ni rangi halisi, na ndani yake mna madini ya shaba. Huyo mpake nyekundu bila woga, iliyokolea. Na kwenzi mwenye mng'ao? Hilo ni suala la ujirani tu, giza nene kandokando ya sehemu iliyoachwa nyeupe kabisa, kati yake zambarau na kijani zikikimbizana. Mng'ao hauko kwenye rangi yoyote unayoweza kuinunua.

Ndege weupe ni rahisi kuliko wanavyotisha. Yangeyange usimpake. Paka kilicho nyuma yake, naye atajitokeza mwenyewe, kisha mpe kivuli chepesi cha bluu yenye waridi kidogo chini ya shingo na tumboni.

Miguu, kwa muda mrefu, nilikuwa naikosea. Ile sehemu inayokunjika kuelekea nyuma, ambayo sote tunaiita goti, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limejificha juu, ndani ya manyoya ya tumbo. Nilipolijua hilo, ndege wangu wakaacha kusimama kama waliochomekewa vijiti vya kiberiti. Shusha mstari wa wima kutoka katikati ya uzito wa mwili: nyayo zisipoangukia hapo, ndege ataonekana anaporomoka.

Kuwatazama wakiwa hai kunazidi picha za simu. Kamera huvifanya vivuli kuwa vyeusi tii na kulilaza tumbo la mviringo likawa bapa. Anza na wanaotulia: korongo anayevizia samaki, bata waliolala. Kwenye ukurasa mmoja anzisha michoro mitano. Ndege akigeuka, acha huo, anza mwingine, maana baada ya muda atarudi kwenye mkao wa kwanza nawe utaendelea. Viota usivikaribie kwa ajili ya mchoro. Na ukitumia picha ya mtu mwingine, muombe ruhusa. Hapa sina maelezo marefu.

Wanyama wakubwa nawachora kwa kanuni zilezile, ila kila mmoja ana mtego wake. Mtego wa tembo ni mikunjo. Ukiifuata yote utapata gunia. Brashi iliyokaushwa kidogo, ikiburuzwa ubavuni mwake, inatosha. Kwa pundamilia mtego ni kudhani milia ni pambo lililowekwa juu. Milia hufuata mwili: inapinda kwenye mbavu, inabana kiunoni, inazunguka paja. Ukiichora imenyooka, mnyama anakuwa ubao. Napenda kisa cha Mansur, mchoraji wa mfalme Jahangir wa India, aliyechora pundamilia aliyeletwa kutoka Uhabeshi mwaka 1621. Jahangir mwenyewe aliandika kwamba wapo waliodhani mnyama yule amepakwa rangi, hadi alipokaguliwa ikathibitika kuwa ndivyo alivyozaliwa. Mansur alichora milia ile ikiukumbatia mwili, na ukimtazama pundamilia wake leo hutaki kumsugua kwa kitambaa cha maji.

Picha zikiharibika usizitupe. Karatasi ya pamba ina pande mbili, na upande wa nyuma unafaa kabisa kujaribia michanganyiko kabla hujaigusa picha halisi. Nyingine nazikata vipande virefu vya kuwekea alama kitabuni, na huwa nashangaa: kipande cha bawa kilichokatwa kutoka kwenye picha mbovu mara nyingi ni kizuri peke yake. Kwenzi wangu wa kwanza bado yupo mezani, amelazwa kifudifudi. Mgongoni mwake nimejaribia rangi miaka yote hii, na pamebaki nafasi ya vidole viwili hivi.