Maswali ya Wasomaji: Seli Zinazogeuza Tulichoandika

SWALI: Ninatunza kwenye Excel orodha ya vipuri yenye mamia ya mistari. Kila kipuri kina namba inayoanza na sufuri, kwa mfano 00482, pamoja na msimbo wa mahali kilipohifadhiwa, kwa mfano 5-3-24, maana yake kabati la 5, rafu ya 3, kisanduku cha 24. Namba ya kwanza inageuka kuwa 482 na ule msimbo unageuka kuwa tarehe. Nilipoteua safuwima zote mbili na kuzipa umbizo la matini, sufuri hazikurudi, na ile tarehe ikawa 45356. Nimekosea wapi?

JIBU: Dawa uliyotumia ndiyo yenyewe, ila uliitumia baada ya mabadiliko kwisha kufanyika. Seli ambayo haijapewa umbizo lolote husoma ulichoandika mara tu unapobonyeza kitufe cha Enter na kukisia ni kitu gani: namba, tarehe, fedha au maneno ya kawaida. Ikishaamua kuwa 00482 ni namba, huhifadhi 482 peke yake, kwa sababu katika hesabu sufuri za mbele hazina thamani. Umbizo unalolibadilisha baadaye huathiri namna ya kuonyesha kilichohifadhiwa, wala halina kumbukumbu ya vidole vyako viliandika nini.

Hiyo 45356 inaonyesha jambo hili waziwazi. Excel haihifadhi tarehe kama maneno, bali huhesabu siku kuanzia Januari 1, 1900, ambayo ndiyo siku ya 1. Msimbo wako 5-3-24 ulisomwa kuwa Machi 5, 2024, na siku hiyo kwa hesabu yake ni ya 45356. Mwenzako ambaye kompyuta yake imewekwa kutanguliza mwezi angeandika msimbo uleule akapata Mei 3, yaani 45415. Kwa hiyo kama orodha yenu inajazwa kwenye kompyuta zaidi ya moja, hakikisheni mpangilio wa tarehe wa kila moja kabla hamjasahihisha chochote, kwani kosa moja litahitaji masahihisho ya aina mbili.

Kwa data unayoingiza kuanzia sasa, teua safuwima ikiwa bado tupu, bonyeza Ctrl na 1 kwa pamoja, chagua aina ya matini, kisha ndipo uandike. Kwa seli moja moja, inatosha kutanguliza alama ya ritifaa, yaani '00482. Alama hiyo haionekani kwenye seli wala haichapishwi. Pembetatu ndogo ya kijani ikitokea kwenye kona ya seli, programu inakuarifu kwamba namba imehifadhiwa kama matini. Hivyo ndivyo ulivyokusudia, basi usikubali pendekezo lake la kuigeuza kuwa namba. Jihadhari pia unapobandika kutoka kwingine, maana kubandika kwa kawaida huja na umbizo la kule kulikonakiliwa na kufuta lako. Bandika thamani peke yake.

Kuhusu zile zilizokwisha kuharibika, sufuri zinarudishika iwapo namba zote zina urefu mmoja. Katika safuwima ya pembeni andika =TEXT(A2,"00000"), uiteremshe hadi mwisho wa orodha, kisha unakili matokeo na kuyabandika kama thamani. Misimbo iliyogeuka tarehe unaweza kuirudisha kwa =TEXT(B2,"d-m-yy"), nayo 45356 itakuwa 5-3-24 tena. Hapa naomba uwe mwangalifu sana. Kisanduku cha 7 kitarudi kikiwa 07, na msimbo ambao haukuweza kuwa tarehe kwa mpangilio wowote, kama 40-30-24, ulibaki matini tangu mwanzo na hauhitaji kuguswa. Linganisha kila mstari na karatasi za awali kama bado unazo.

Kuna hasara moja isiyorudishika kabisa, nayo ni ya namba ndefu. Excel hutunza tarakimu 15 tu kwa usahihi. Ukiandika 1234567890123456, seli itaonyesha 1.23457E+15, yaani 1.23457 mara 10 kwa kipeo cha 15, jambo ambalo watu wengi hudhani ni la sura tu. Lakini tazama kisanduku cha fomula kilicho juu ya jedwali, utaona 1234567890123450. Ile 6 ya mwisho imekuwa sufuri, na hakuna fomula itakayoirudisha. Ndiyo maana nashauri bila kusita kwamba namba yoyote ambayo hutaijumlisha wala kuizidisha, iwe ya simu, ya akaunti au ya kipuri, iingizwe kama matini, hata kama leo haianzi na sufuri.

Usidhani tatizo hili ni la wasiojua kompyuta. Wanasayansi wa jenetiki walisumbuka nalo kwa miaka mingi, kwa kuwa jeni zilizoitwa SEPT1 na MARCH1 ziligeuzwa kuwa tarehe za Septemba na Machi katika majedwali yao, na mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba imezibadilisha majina, zikawa SEPTIN1 na MARCHF1. Mwaka 2023 Microsoft iliongeza katika mipangilio ya Excel, sehemu ya data, uwezo wa kuzima ugeuzaji huu: kuondoa sufuri za mbele, kukata namba ndefu, kusoma herufi E katikati ya tarakimu kama kipeo, na kugeuza herufi zilizofuatana na namba kuwa tarehe. Ikiwa toleo lako linao, zima yote manne. Hata hivyo msimbo wako wa 5-3-24 hauna herufi, kwa hiyo usitegemee mipangilio hiyo peke yake. Umbizo la matini bado ni la lazima.

SWALI: Nilifuata njia ya ritifaa na sufuri zikakaa. Nikahifadhi faili kama CSV, nilipolifungua kesho yake zote zimepotea. Kwa nini?

JIBU: Faili la CSV ni herufi tupu zilizotenganishwa kwa mkato; halibebi umbizo la seli. Huenda sufuri zako bado zimo. Lifungue kwa Notepad utaziona, mradi hukulihifadhi tena kutoka Excel baada ya kulifungua, kwani hapo ndipo zinapofutika kwelikweli. Usilibofye mara mbili. Anza na jedwali tupu, nenda sehemu ya data, uingize faili kutoka humo, na kabla ya kulipakia useme safuwima ipi ni matini. LibreOffice, programu ya bure yenye majedwali kama ya Excel, hukuonyesha dirisha la namna hiyo kila unapofungua CSV. Bofya kichwa cha safuwima ndani yake, uchague matini.

SWALI: Kila nikiandika barua pepe ya mtu inakuwa kiungo cha buluu, nikiigusa inafungua programu nyingine. Naweza kuzuia?

JIBU: Bonyeza Ctrl na Z mara tu kiungo kinapotokea; kitaondoka kiungo na maandishi yatabaki. Ili kisitokee tena, fungua mipangilio ya Excel, ingia kwenye usahihishaji wa maandishi, kisha masahihisho ya kiotomatiki, na katika kichupo cha umbizo la wakati wa kuandika uondoe tiki kwenye mstari unaohusu anwani za intaneti. Vile vya zamani viteue vyote kwa pamoja, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, uondoe viungo.