Fungua Kinywa Kabla ya Kuandika Dawa: Kwa Matabibu Wapya wa Lamu na Malindi

Ukishapangiwa wodi Malindi au zahanati ya kisiwani Lamu, utasikia kuwa mambo ya kinywa ni ya daktari wa meno. Usilishike neno hilo. Daktari wa meno huonana na mgonjwa jino likishamuuma. Mwenye kisukari, mama mjamzito na mtoto mwenye homa huanzia kwako, na kinywani mwao mara nyingi mna habari ambayo maabara itaithibitisha baadaye.

Chukua tochi, glavu, kijiti na shashi kavu. Mwambie avue meno bandia kwanza, kwa sababu wekundu wa kaakaa hujificha chini yake. Angalia midomo, mashavu kwa ndani, fizi, kaakaa, koo, kisha ulimi. Kwenye ulimi ndipo wengi wanapokosea: humwambia mgonjwa autoe, wakatazama juu, basi. Saratani hupenda pembeni, nyuma karibu na magego, na sakafu ya mdomo. Shika ncha kwa shashi, uvute kulia, kisha kushoto, halafu uuinue. Sakafu ya mdomo ipapase kidole kimoja kikiwa ndani na vingine chini ya taya, umalizie na tezi za shingo. Mwanamke aliyefunika uso mfungie pazia na umwite muuguzi wa kike kabla hujamwambia lolote. Mwezi wa Ramadhani, mweleze aliyefunga kwamba unaangalia tu, humpi kitu cha kumeza.

Ukiona utando mweupe, upanguse kwa shashi. Ukitoka ukaacha wekundu, yaelekea ni kandida, yaani fangasi wa kinywa. Basi jiulize kwa nini imemwota mtu mzima. Pima sukari, mshauri apime VVU, uliza dawa ya pumu ya kuvuta na antibayotiki za karibuni. Akisema kumeza kunamuuma, nistatini ya kusukutua haitoshi: ugonjwa umeshashuka kwenye umio, na hapo ni flukonazoli miligramu 200 kwa siku, siku 14 hadi 21, baada ya kuhakikisha si mjamzito na kuangalia dawa nyingine anazomeza. Usimpake dawa ya zambarau kabla hujamaliza kuangalia, maana rangi ile hufunika kila kitu, na atakayemwona baada yako hataona chochote.

Utando usiopanguka ni jambo jingine, na huku kwetu swali la kwanza ni tambuu, jani linalotafunwa pamoja na popoo na chokaa. Usimuulize mzee kama ana uraibu, atakwambia hana. Muulize kwa adabu: Mzee, tambuu yako watia nini, waiweka shavu gani, walala nayo? Mara nyingi shavu atakalolitaja ndilo lenye baka. Wengi hujitetea kwamba yao haina tumbaku, lakini popoo peke yake husababisha saratani na hukakamaza mashavu. Mgonjwa wa namna hiyo huanza kwa kulalamika kuwa pilipili na achari zinamchoma. Baadaye mdomo haufunguki. Mwambie aingize vidole vyake vitatu, vikiwa vimesimama, kati ya meno ya mbele. Visipoingia, pima kwa rula uandike milimita kwenye faili, ili ziara ijayo iwe na cha kulinganisha. Ukakamavu ule haurudi nyuma kwa urahisi hata akiacha, na asipoacha utaendelea.

Kidonda chochote, ondoa kinachokikwaruza, kama jino lenye ncha au meno bandia, kisha kione tena baada ya siku 14. Kisipopona, kikatwe kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara. Kozi ya pili ya amoksilini ni kupoteza muda, na kidonda kisichouma kitutie wasiwasi zaidi ya kinachouma.

Kinyama chenyewe huharibikia mikononi mwetu kabla hakijafika kwa mtaalamu. Ganzi ichome pembeni, usiingize ndani ya kidonda, kwa sababu itavuruga tishu. Kata ukingoni, uchukue kidonda pamoja na nyama nzima kidogo. Katikati mara nyingi ni nyama iliyokufa. Usikibane kwa koleo lenye meno. Kitie kwenye formalini ya asilimia 10, ambayo hupatikana kwa kuchanganya sehemu moja ya formalini kali na sehemu tisa za maji, kwa ujazo usiopungua mara kumi ya kinyama. Maji ya chumvi hayahifadhi, kinyama kitaoza. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana. Kama chupa itavuka kwa boti, ifunge kwa mkanda, iweke ndani ya mifuko miwili yenye pamba, isimame, na isigandishwe. Fomu yenye maneno “kidonda mdomoni” haimsaidii mtu: andika upande, ukubwa, muda, tambuu, dawa, na unachokishuku.

Mengine ni ya haraka. Mtoto mwenye taya lililovimba na meno yanayolegea bila kuoza, usimng'oe jino. Limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi, hukua kwa siku chache tu, mpe rufaa leo. Fizi zilizofura kwa anayemeza fenitoini, nifedipini au amlodipini, anza kuishuku dawa. Midomo yenye vidonda na magamba ya damu baada ya septrini, nevirapini au kabamazepini mpya: simamisha dawa hiyo mara moja, umlaze wodini. Uvimbe mgumu chini ya kidevu, ulimi ukiinuliwa na mate yakimtoka, usimlaze chali. Tafuta boti usiku uleule, maana kinachoziba ni njia ya hewa.

Majibu ya kinyama yatachukua wiki kadhaa, na mvuvi huenda yuko baharini yakifika. Chukua namba mbili za simu, yake na ya jamaa asiyesafiri, uziandike kwenye rejista, si kwenye kadi anayoondoka nayo.