Pima magari kwanza, ndipo uchague daraja la kupakulia

Msomaji mmoja anayejenga ghala Kibaha ameniuliza kama anunue daraja la kusawazisha (bamba la chuma linalounganisha jukwaa la ghala na sakafu ya gari ili foklifti ipite) la springi au la haidroliki, yaani linaloinuliwa kwa shinikizo la mafuta, naye ameambatanisha bei za wauzaji watatu. Namshukuru kwa kuniamini, lakini katika karatasi zote tatu sikuona mahali palipotajwa kimo cha sakafu za magari yatakayopakuliwa pale, na kazi huanzia hapo.

Naandika nikiwa na furaha, kwani mwezi uliopita tulianza kutumia jukwaa jipya katika ghala ninalolisimamia Vingunguti, na daraja nililolipigania linafanya kazi barabara. Nilikofanya kazi awali niliomba kikaoni lisinunuliwe daraja la urefu wa mita 2, nikajibiwa kwamba mtunza ghala hajui uhandisi. Jibu lile linaniuma hadi leo, maana waliolitoa hawakuwapo foklifti ilipokuwa ikikwaruza tumbo kwenye kiungo cha daraja na maboksi ya juu ya paleti yakimwagika, hata makuli wakalazimika kumalizia kontena kwa mikono.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Jukwaa letu lina kimo cha mita 1.2, na sakafu ya kontena likiwa juu ya trela hufika mita 1.5. Tofauti hiyo ya sentimita 30 kwenye daraja la mita 2 ni mwinuko wa asilimia 15, ilhali EN 1398, kiwango cha Ulaya cha usalama wa madaraja haya, kinaishia asilimia 12.5; daraja la mita 3 huuteremsha hadi asilimia 10. Trela nayo huinuka kadiri mzigo unavyotoka, kwa hiyo ipime ikiwa imejaa na ikiwa tupu, wala usizisahau Fuso, ambazo bodi zake huwa chini zaidi.

Kuhusu uwezo, wauzaji hupenda kuuliza uzito wa paleti tu. Foklifti ya kubeba tani 2.5 yenyewe ina uzito unaokaribia tani 4, hivyo ikiwa na mzigo wake daraja la tani 6 limekwisha kuzidiwa.

Sasa swali lako. Daraja la springi ni la bei nafuu na halihitaji umeme, lakini springi zake hulegea na kutaka kurekebishwa mara kwa mara. Kwa ghala linalopokea makontena kila siku ningechagua haidroliki, mradi jenereta iliendeshe umeme ukikatika, na liwe na vali inayolizuia lisiporomoke gari likiondoka ghafla. Shimo lake liwe na njia ya kutolea maji, la sivyo masika italijaza.

Kila daraja linapaswa kuwa na mguu wa kuliegemeza wakati fundi yuko chini yake akisafisha au kutengeneza. Siku ya makabidhiano mwambie mkandarasi ausimamishe mbele yako, na asipoweza, usitie saini.